Jumamosi hadi Jumamosi

Jarida ninalotaka kulizungumzia halikuandikwa kwa ajili yetu. Lilikuja ndani ya boksi. Mfanyakazi mmoja wa shirika alipomaliza mkataba wake alituachia vitabu vya sarufi, riwaya mbili za upelelezi, na majarida manne ya watu wanaopenda mashua za matanga. Matatu hatujayagusa. La nne tumelisoma Jumamosi tatu mfululizo katika kundi letu la usomaji hapa Nyarugusu, kijana mmoja wa sekondari akitufasiria kutoka Kiingereza, mpaka kurasa zimeanza kuachia pini.

Makala iliyotushika ina kurasa kumi na mbili. Inamfundisha mtu namna ya kukodi mashua ya matanga kwa likizo ya wiki moja katika visiwa vya Ugiriki. Safari inaanzia Kos, inapanda kaskazini kupitia Pserimos, Kalymnos, Leros na Lipsi, halafu inarudi Kos. Niliposema nitaiandikia uhakiki, rafiki yangu alicheka: "We bwana, mgao wenyewe hujui utakuwa kiasi gani mwezi ujao, unahakiki likizo ya matajiri?" Nikamwambia mbona mpira wa Ulaya tunauhakiki kila wiki na hakuna anayetuuliza tiketi. Makala hii imenifurahisha, halafu imeniudhi. Nitaeleza vyote viwili.

Nianze na furaha. Mwandishi wake anajua anachokisema, na hana haraka. Anaeleza kwamba kuna njia tatu za kukodi. Ukiwa na cheti cha unahodha unapewa mashua uiendeshe mwenyewe. Usipokuwa nacho unakodi pamoja na nahodha. Njia ya tatu ni kwenda kwa msafara: mashua kadhaa zinafuatana, na moja inayotangulia ina mtu wa njia na fundi. Wiki yenyewe ni Jumamosi hadi Jumamosi. Unaweka amana, na ukirudisha chombo bila kukivunja unarudishiwa pesa yako.

Halafu inakuja sehemu ya upepo, na hapo nilisahau kabisa kwamba nasoma tangazo la biashara lililovaa nguo za makala. Katika Bahari ya Aegean kuna upepo wa kiangazi unaoitwa meltemi. Unavuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, na unaweza kuja mbingu zikiwa safi, bila wingu la kukuonya. Ukikaza unafika nguvu ya 7 au 8 katika kipimo cha Beaufort, na hapo mwenye akili anabaki bandarini. Kwa hiyo, anasema mwandishi, siku za mwanzo uende kaskazini, ukipambana na upepo ukiwa bado una muda na nguvu. Siku za mwisho upepo huohuo utakusukuma nyumbani. Na kila mara weka siku moja ya akiba. Mimi nimekulia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Wavuvi wetu wangemwelewa mtu huyu mara moja, maana nao hawaanzi safari kabla ya kujiuliza upepo utakuwa wapi saa ya kurudi.

Kuna pia ukurasa mzima wa kuegesha. Bandari ndogo za Mediterania nafasi ni finyu, basi mashua haikai ubavu kwenye gati. Unaangusha nanga ukiwa bado mbali, halafu unarudi kinyumenyume taratibu, nanga ikishika mbele, mpaka tezi ikaribie ukuta; mtu anarusha kamba, ubao unawekwa, mnashuka. Wakati huo watu wote waliokaa kwenye mikahawa wanakutazama, na ukigonga jirani wanaona. Mama mmoja mshonaji katika kundi letu alisema, "Kumbe ni kama dereva wa lori la mgao anavyorudi nyuma pale kituoni, na sisi tumepanga mstari tunamhukumu." Tulicheka sana. Nilipenda makala kwa sababu hiyo: inaheshimu ujuzi wa mikono, na inaueleza mpaka mtu asiyewahi kuiona bahari anaona kamba ikiruka.

Sasa maji. Mwandishi anatoa mfano wa mashua ya mita 12 yenye tanki la lita 400, watu wanane ndani, na anashauri wapange kujaza kila siku ya tatu. Anaonya kwa ukali kidogo: oga haraka, funga bomba unapopaka sabuni, vyombo vioshwe kwanza kwa maji ya chumvi. Kijana wetu mfasiri akachukua chaki akapiga hesabu. Lita 400, gawa kwa 8, gawa kwa siku 3. Inakuja kama lita 16 na nusu kwa mtu kwa siku. Ninyi mnaofanya kazi na mashirika mnaijua namba hiyo inakaa wapi. Kiwango cha chini cha Sphere wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na lengo la UNHCR kwa kambi ya muda mrefu ni lita 20. Chumba kizima kilipiga makofi. "Yaani wamelipa maelfu ya euro waje kuishi kama sisi!"

Utani huo ni mtamu lakini haufiki mbali, na sikutaka uhakiki wangu uishie hapo. Mwenye mashua ana chupa za maji ya kunywa pembeni, ana bahari nzima ya kuogelea, na mfereji unamsubiri gatini. Zaidi ya yote anajua Jumamosi inakuja. Shida yenye tarehe ya mwisho mtu anaweza kuifurahia, hata akaisimulia kwa majivuno. Waswahili wa pwani wana methali: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Unaweza kuzunguka nyuma na mbele ya chombo utakavyo, mwisho utarudi pale katikati, ndani kabisa. Fasihi yote ya likizo ya baharini imesimama juu ya methali hiyo, hata kama waandishi wake hawajawahi kuisikia. Gati la kuondokea ndilo gati la kurudia. Utamu wa upepo, wa hofu kidogo, wa maji kidogo, unatoka kwenye marejeo hayo, na makala haisemi hivyo hata mara moja. Inayachukulia marejeo kama kitu cha asili, kama upepo wenyewe.

Hapo ndipo ilipoanza kuniudhi, na kero yangu ni ya kihakiki kwanza, kabla ya kuwa ya mkimbizi. Mwandishi anayejua jina la kila upepo, kila ghuba, kila mahali nanga inaposhika mchanga na inapoteleza kwenye majani, amepita katika mlangobahari kati ya Kos na Uturuki bila kuona kitu. Mahali pembamba mlango huo ni kama kilomita 4 au 5. Mwenye pasipoti anavuka kwa kivuko chini ya saa moja. Mwaka 2015 watu zaidi ya 800,000 walifika Ugiriki kwa bahari, wengi wao Wasyria, Waafghani na Wairaki, wakivuka kutoka pwani ya Uturuki kwenda Lesbos, Chios, Samos, Leros, Kos. Wengi walilipa kama dola elfu moja kwa kichwa ili wakae kwenye ukingo wa mpira uliojazwa upepo. Tarehe 2 Septemba mwaka huo mtoto Alan Kurdi alikufa maji, familia yake ikijaribu kufika Kos, kisiwa hichohicho ambacho makala yetu inakisifu kwa mikate ya asubuhi karibu na bandari.

Linganisha vitu vilevile kwa zamu. Amana: mwenye likizo anaiweka kwa kampuni. Wasyria wengi waliiweka kwa mtu wa kati kule Istanbul au Izmir, ili msafirishaji alipwe wakishafika salama. Jaketi za kuokolea maisha: makala inashauri uzihesabu zote Jumamosi ya kwanza, ujaribu mikanda, udai za saizi ya watoto. Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata karakana Izmir iliyokuwa inashona jaketi bandia, na juu ya vilima vya Lesbos karibu na Molyvos kulikuwa na lundo kubwa la jaketi na mipira iliyochanika, lundo ambalo watu walikuwa wanalipiga picha. Halafu orodha. Nahodha wa Ugiriki anatakiwa kuwa na orodha ya majina na namba za pasipoti ya wote waliomo, na polisi wa bandari wanaweza kuidai. Mwandishi anaiita kero ya dakika kumi. Mshonaji wetu aliposikia hivyo aliacha kucheka. "Orodha ndiyo kila kitu," alisema. "Chombo kikizama na orodha ipo, mtu wako anatafutwa kwa jina."

Mahali panaponiuma zaidi ni Leros. Makala inampeleka msomaji kwenye ghuba ya Lakki, inasifu utulivu wake na majengo ya Waitaliano wa enzi zao. Ni kweli, ghuba hiyo ni kimbilio zuri la vyombo. Lakini tangu 2016, upande wa Lepida wa ghuba hiyohiyo, penye hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, pamewekwa kituo cha kupokea wakimbizi. Mwenye mashua aliyelala Lakki ana wakimbizi kwa majirani, maji ni yale yale. Makala inatoa namba ya fundi wa friji Lakki. Kuhusu Lepida hakuna neno. Sidai mtu aliye likizoni alie kila jioni. Nadai kwamba anayejiita mwongozaji wa mahali asifute nusu ya ghuba.

Tena angepata hadithi, na nzuri kuliko ile ya wapiga mbizi wa sifongo wa Kalymnos aliyoisimulia kwa kurasa mbili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, visiwa vya Aegean vilipobanwa na njaa na majeshi, watu wa Chios, Samos na visiwa vingine walivuka usiku kwa mashua ndogo kwenda Uturuki, yaani mlango huohuo kwa upande wa pili. Wengi waliwekwa kambini Mashariki ya Kati. Baadhi walipelekwa mbali zaidi, mpaka Kongo ya Wabelgiji. Nilipolisema hili kwenye kundi, mzee mmoja kutoka Katanga hakushangaa. Wagiriki wa kule aliwajua kama wenye maduka. Hakuwahi kujua kwamba baadhi ya waliofika wakati wa vita walikuja kama sisi, na karatasi za wakimbizi.

Jumamosi ya tatu tuliweka jarida pembeni tukatazama filamu, kwenye kompyuta ya rafiki, shuka likiwa ukutani. Inaitwa Styx, ya 2018, na mwongozaji wake ni Wolfgang Fischer. Styx ni mto wa wafu katika visasili vya Kigiriki. Maneno ni machache, kwa hiyo mfasiri wetu alipumzika. Mwanamke Mjerumani, daktari wa dharura aitwaye Rike, anaondoka Gibraltar, mlangoni mwa Mediterania, peke yake katika mashua ya matanga, kuelekea kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki. Mwanzo wa safari yake ni kama makala yetu kabisa: anapakia chakula, anapakia maji, kila kitu mahali pake, kwa utulivu unaokufanya utamani kuwa yeye. Baada ya dhoruba anaona meli ya uvuvi iliyoharibika, imejaa watu. Anaita redioni. Anaambiwa akae mbali, msaada utakuja. Msaada hauji. Kijana mmoja, Kingsley, anaifikia mashua yake kwa kuogelea. Aliyemwigiza, Gedion Oduor Wekesa, anatoka Kenya. Mwisho sitausema, labda tutaionyesha tena.

Sheria ya bahari iko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1982, kifungu cha 98, unataka nchi zimlazimishe kila nahodha kumsaidia aliye hatarini, ilimradi asiiweke meli yake na watu wake katika hatari kubwa. Filamu nzima inaishi ndani ya maneno hayo ya mwisho. Mashua ya mita kumi na kitu, mtu mmoja, na umati wa watu ng'ambo pale. Wakimrukia wote, wanazama wote. Akiondoka, ni daktari aliyeondoka. Fischer hamsingizii Rike ubaya na hampi wokovu wa bure, na kwa hilo filamu yake inaishinda makala ya jarida kwa mbali. Lakini nayo nina la kuilaumu. Kamera ni nadra kuachana na mashua. Watu wa meli ile kwa sehemu kubwa tunawaona kwa mbali, vivuli vinavyopunga mikono. Kingsley anapewa maumivu mengi na maneno machache. Hata mtu mwema anayetaka kutuona anatuona kutoka kwenye sitaha yake.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo: wao wanaandika kutoka kwenye mashua, nani ataandika kutoka chombo kingine? Sentensi hiyo ingepigiwa makofi. Nilirudi nyumbani, sikulala vizuri.

Wasomaji wa zamani wanakumbuka niliwahi kuandika hapa juu ya kuvuka kwetu ziwa mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na minne. Niliandika: tulivuka usiku, tukafika asubuhi, Mungu akatulinda. Kurasa nne. Juu ya upepo sikuandika neno, wala juu ya yule nahodha aliyejua kutuweka nyuma ya rasi mpaka mawimbi yatulie, akitumia injini moja iliyokuwa inakohoa. Kazi ya mikono kama ile jarida hili lingeipa kurasa tatu na mchoro. Mimi nilimwita "mwenye boti" nikampita.

Na kuna jambo jingine sikuliandika. Kabla ya kupambazuka tulisikia sauti majini, upande wa kushoto. Watu wanaita. Nahodha alizima tochi, akageuza usukani kidogo kuelekea kulia, hakusema neno. Mtu mmoja akauliza, akajibiwa, "Tukisimama hatutafika sisi wala wao." Chombo chetu kilikuwa kimejaa mpaka maji yalikuwa kiganja kimoja kutoka ukingoni. Mama alinifunika kichwa na kitenge. Sauti zilichukua muda mrefu kwisha.

Kwa hiyo nilipomtazama Rike akiwa ameshika redio, sikuwa kwenye meli ya uvuvi. Nilikuwa sitahani naye. Na nilipomlaumu mwandishi wa jarida kwa kufuta nusu ya ghuba, nilikuwa nimeshafuta nusu ya ziwa, katika jarida letu hili hili, na mhariri akanishukuru.

Sisemi makosa yanalingana. Nahodha wetu hakuwa na siku ya akiba, wala chaneli 16 ya kuita walinzi wa pwani, na kama alikosea sijui angefanya nini kingine. Nimelifikiria miaka yote hii. Aliyelala Lakki kwa raha alikuwa na nafasi ya kutaja Lepida bila kuzama. Lakini ukiniuliza kama mhakiki, ukimya wa aina zote mbili unaharibu maandishi kwa namna moja. Msomaji anapewa safari iliyopanguswa, na yeye anajua, hata kama hawezi kuonyesha kidole, kwamba kuna mahali tochi ilizimwa.

Basi ushauri wangu kwenu mnaoandika hapa: someni makala hii ya likizo. Iibieni upepo wake. Semeni chombo kilikuwa na urefu gani, watu wangapi, maji kiasi gani, nani alishika usukani na alijuaje njia. Insha zetu za kuvuka zina machozi ya kutosha, vipimo hazina, na mtu wa shirika anayezisoma anaweza kutuhurumia bila kutuona. Nanyi wa mashirika, mkienda likizo zenu, na mnastahili kwenda, mkifika Kos au Leros pandeni kilimani kidogo mtazame ng'ambo, ni karibu. Mkirudi mtuletee majarida mengine.

Hili liko kwenye rafu ya pili katika chumba cha kusomea, karibu na kamusi. Ukurasa wa Leros nimeukunja pembe. Jumamosi ijayo saa tisa tunaanza tena, na nimeombwa nisome insha yangu ya 1998 ikiwa imeandikwa upya. Nimefika mahali pa kitenge, nimekwama. Mama yangu bado yupo, anakaa vijumba vitatu kutoka kwangu. Sijawahi kumuuliza kama yeye alitazama.